Wavulana wa Lutengo Hawakunisalimu

Jumapili, 13 Oktoba 1957

Mwezi wa saba leo tangu nitoke nyumbani. Nimefua suruali mbili na blanketi. Upepo wa Mufindi unakausha haraka, halafu unajaza vumbi upya. Viganja vimepasuka. Nimevipaka mafuta ya nyama.

Kambi bado iko Nyololo, kando ya barabara kuu. Wiki nzima tumechimba mitaro na kutandaza changarawe. Kesho hivyo hivyo. Nyapara Sanga anasema mvua ikitukuta hatujamaliza kalvati, tutalala majini. Anapenda kutisha watu.

Habari kubwa. Kijana wangu Ambakisye amefaulu. Neno limeletwa na Hamisi, dereva wa lori anayepita hapa akienda Mbeya mpaka Tukuyu. Amepewa na ndugu yangu Asegelile. Mwalimu mkuu wa kule nyumbani anasema shule mbili za sekondari zimemkubali mtoto, zote za misheni. Moja ni Kabulwe, ya kanisa letu, milimani upande wa Mbeya. Nyingine ni Lutengo, ya mapadre, huku upande wa Iringa. Nafasi moja lazima iachwe, apewe mtoto mwingine. Jibu linatakiwa kabla ya tarehe kumi na tano Novemba kwisha. Asegelile anasema, wewe ndiye baba, tuma neno moja tu, mimi nitalipeleka kwa mwalimu.

Karo tulikwisha kukubaliana, ng'ombe wapo. Kilichobaki ni kuchagua.

Mimi niliishia darasa la nne. Baba aliniita nirudi kuchunga. Simlaumu. Lakini mtoto wangu hataishia pale. Nitachagua mwenyewe na nitachagua vizuri. Najua kutazama mahali nikapajua.

Jumanne, 15 Oktoba

Kabulwe naijua. Nilipita huko nilipokuwa nakuja kazini, nikalala usiku mmoja. Nyumba za zamani, nyasi juu, sakafu ya udongo. Lakini wavulana wale! Walinikuta njiani wakanipokea mzigo. Jioni walikula makundi makundi, kila kundi na sinia lao, mikono inagongana, wanacheka. Wakaniambia, "Karibu, mzee, sogea hapa." Nilisogea. Ndizi za kupika na maharage. Nililala nimeshiba na nimefurahi.

Kasoro moja. Kabulwe inaishia darasa la kumi. Lutengo inafika la kumi na mbili. Wote wanasema hivyo.

Lutengo sijaiona. Haifai kukataa wala kukubali kitu ambacho sijakiona. Tipa yetu huenda Iringa kila Jumatano kuchukua mafuta. Nitamwomba nyapara anipeleke kama mpakiaji.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mtu wa Rungwe amepita akienda mashamba ya chai. Ana neno kutoka kwa mke wangu. Anasema Gwakisa anakwenda Kabulwe. Gwakisa ni rika la Ambakisye, wanalala kibanda kimoja tangu walipokuwa wadogo wa kuchunga ndama. Mke wangu anasema pia, kwa mapadre watambatiza mtoto mara ya pili, na yeye hataki.

Ambakisye mwenyewe hajasema kitu. Ndivyo alivyo.

Nimemweleza Chavala habari ya kibanda. Chavala ni Mhehe, tunalala kitanda jirani, mtu mzuri ila mdomo hautulii. Hakuelewa. Kwao mtoto anakaa kwa baba yake. Nikamwambia, kwetu mvulana akianza kukua anahama, anajenga na wenzake wa rika, wanakula pamoja, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Mtu anayekula peke yake anatazamwa vibaya. Watu wanajiuliza anaficha nini.

"Kwa hiyo mimi nikila ugali wangu peke yangu ni mchawi?" akasema.

"Wewe hata ukila na watu."

Tumecheka. Lakini sikumwambia kwamba nakwenda Lutengo. Chavala ni mtu wa mapadre, rozari iko shingoni. Atanisukuma upande wao. Sitaki kusukumwa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mawe mchana kutwa. Mgongo umekufa. Siandiki zaidi.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimerudi jioni. Nina hasira. Naandika kabla haijapoa.

Dereva wa tipa alinishusha njia panda asubuhi, akasema atanipitia akirudi na mapipa. Nikatembea. Mahali ni pazuri, siwezi kusema uongo. Matofali ya kuchoma, mabati, mikaratusi imepandwa kwa mstari. Mitaro safi kuliko yetu. Maji ya bomba mpaka jikoni.

Mlinzi alikuwa anachonga mpini langoni. Akasema, "Pita, mzee, lakini leo hawasemi." Nikamwuliza wamefanya kosa gani. Alicheka tu, akaendelea kuchonga.

Nikaingia. Wavulana wengi nje, kila mmoja peke yake. Mmoja chini ya mti, mmoja ukutani, mmoja anatembea huku na huku ameinama. Hakuna kelele, hakuna mpira. Nikapita katikati yao, mimi mtu mzima mwenye mvi, nimevaa koti. Hakuna aliyenisalimu. Hata mmoja. Nikakohoa. Hakuna. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Nikasema "Kamwene" kama wanavyosalimiana Wahehe. Mvulana mmoja mwenye masikio makubwa akainua macho, akayashusha haraka kama aliyeshikwa akiiba.

Kengele ikalia. Wakaingia bwaloni kwa mstari. Nikachungulia dirishani. Kila mvulana na sahani yake, kila mmoja anaitazama sahani yake. Mmoja amesimama mbele anawasomea kitabu. Bwalo zima, na kinachosikika ni vijiko.

Bruda mmoja wa Kizungu, mzee sana, akanishika mkono. Akaweka kidole mdomoni, akaniongoza jikoni. Akanipa chai na mkate. Kiswahili chake kidogo. Nikamwuliza kwa nini watoto hawasemi. Akaonyesha juu, akatabasamu. Padre mkuu sikumwona, alikuwa kanisani. Nikanywa chai peke yangu kando ya magunia ya mahindi. Hata mimi wamenilisha peke yangu!

Nimewahi kuona wafungwa wakichimba barabara. Hata wao wanazungumza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Hasira imepoa na bado nasema vile vile. Kwa hiyo si hasira, ni kweli.

Ni Kabulwe. Darasa la kumi linatosha mtu kuwa mwalimu, kuwa karani, kuwa mganga msaidizi. Mawili zaidi yana faida gani kama atarudi hajui kumsalimu mjomba wake? Atakaa peke yake nyumbani kwangu, ameangalia sahani. Nitakuwa nimelipa ng'ombe kununua mgeni.

Sina shaka. Hamisi anapita Jumamosi.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimempa Hamisi neno. "Mwambie Asegelile, Kabulwe." Akalirudia mara tatu akiwa anapuliza chai. Kabulwe, Kabulwe, Kabulwe. Halafu akaniuliza kama ana ruhusa ya kulisahau akifika Makambako kwenye chapati. Anapenda utani, lakini hajawahi kupoteza neno la mtu. Ataingia kwanza Rujewa kupakia mchele, ndipo aendelee na safari.

Nimefanya kazi vizuri leo. Jambo kubwa likishaamuliwa, hata sururu inakuwa nyepesi. Mawingu yamekaa chini, upande wa Usangu.

Jumapili, 3 Novemba

Siku mbaya.

Neno lilikuwa limekwisha kwenda, kwa hiyo nikaona hakuna ubaya kumwambia Chavala. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamweleza yote, mlinzi, kukohoa, bwalo, vijiko. Nilisema kwa ukali. Nilitaka aone aibu kwa ajili ya watu wake.

Aliacha kuchambua. Akaniuliza, "Ulikwenda tarehe ngapi?"

"Thelathini."

Akaniangalia. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali, maharage yakamwagika, mpishi akaja kutazama nani anakufa.

"Baba Ambakisye! Juzi Ijumaa ilikuwa Watakatifu Wote. Wale watoto walikuwa kwenye mafungo!"

Sikujua mafungo ni nini. Kwetu hatuna. Akanieleza alipoweza kupumua. Kabla ya sikukuu kubwa wanafunzi wanakaa siku tatu bila kusema na mtu. Wanasali, wanafikiri juu ya maisha yao, wakila wanasomewa habari za watakatifu. Sikukuu ikifika wanafunguliwa, na hapo ndipo ngoma na mpira na nyama. Yeye mwenyewe aliyafanya akiwa mdogo, shuleni Tosamaganga, na alipigwa kwa kuongea na mbuzi.

"Mtu anazungumza na Mungu wake," akasema, "wewe unamkoholea akuamkie!"

Kambi nzima imekwisha kujua. Wakati wa chakula cha jioni kila nilipopita mtu alikohoa. Hata nyapara.

Jumatatu, 4 Novemba

Wanakohoa bado.

Nimejiambia, hata hivyo Kabulwe ni nzuri. Hilo halijabadilika. Nimejiambia tena mchana, nikipiga mawe. Lakini Chavala aliniuliza swali asubuhi, bila kucheka, na limenikaa kooni. Alisema, "Ukiondoa ule ukimya, uliona kasoro gani nyingine?"

Sikuona. Hata moja. Nyumba, maji, jiko, mashamba, darasa la kumi na mbili. Nilikataa shule kwa sababu ya kitu ambacho si cha shule hiyo, ni cha siku tatu tu.

Sijakosea kutazama. Nilitazama vizuri, ila nilitazama siku isiyokuwa siku. Mtu hapimi mto wakati wa mafuriko akasema ndivyo ulivyo mwaka mzima. Nikijenga kalvati kwa kupima hivyo, nyapara atanifukuza, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo lazima nirudi. Ikiwa wavulana wale hata katika siku ya kawaida hawasalimu, basi Kabulwe, na nitamkoholea Chavala mpaka Krismasi. Ikiwa wanasalimu, sijui. Neno langu liko ndani ya lori.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwomba nyapara Sanga kesho tena. Alisimama, mikono kiunoni.

"Wewe unasomesha mtoto, au unataka upadre mwenyewe?"

"Mtoto, bwana."

"Mara ya pili hii. Mimi nimesomesha wanne na sijaona shule hata moja. Nawapeleka, wanarudi wanavaa viatu, basi."

Nikamwambia nitafanya zamu yake ya Jumapili kwenye kalvati. Akakubali. Nilipoondoka akakohoa.

Mvua imenyesha tangu saa tisa. Ya kwanza. Nzito.

Jumatano, 6 Novemba

Naandika pole pole, nataka kukumbuka yote.

Nilisikia Lutengo kabla sijaiona. Kelele zilifika njiani, kama ndege kwenye mashamba ya mtama. Mlinzi ni yule yule, na mpini mwingine. "Umerudi, mzee? Leo wanasema. Utajuta."

Sikufika hata mlangoni. Mvulana mmoja akaacha mpira, akaja mbio, "Shikamoo, mzee," akapokea mfuko wangu. Akaja mwingine. Shikamoo. Mwingine. Wakanizunguka. Halafu yule mwenye masikio makubwa akanitazama, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ni yeye! Mzee aliyekohoa!"

Wakaanguka kwa kicheko. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Masikio Makubwa akaniomba radhi huku machozi yanamtoka. Aliniambia siku ile aliuma ulimi mpaka damu ili asicheke. Waliniona wote. Walikihifadhi kicheko chao siku zile, na jioni ya sikukuu, walipofunguliwa, bwenini kila mmoja alikohoa kwa namna yake, wakashindana nani ataniigiza vizuri. Mshindi alipewa kipande cha nyama. Akanionyesha alivyokohoa. Ni kweli, alikohoa kama mimi.

Kengele ya chakula. Nilitaka kusimama nje kama mgeni. Wakanivuta. "Mzee, huwezi kusimama dirishani tena." Nikakaa katikati ya benchi. Ugali na maharage na mboga. Kila mtu sahani yake, ndiyo. Lakini nikaangalia mikono. Huyu hapendi mboga, amemsukumia yule. Yule amewahi kumaliza, jirani amemkatia tonge. Mmoja alikuwa na homa, sahani yake ilipelekwa bwenini na mvulana aliyeacha cha kwake kipoe. Sahani ni nyingi lakini chakula ni kimoja. Nilitazama sana hilo. Sikudanganywa.

Mwisho wa meza mvulana mmoja akanisalimu kwa lugha ya kwetu, kama mtoto na baba yake, "Ugonile, tata." Karibu nimwage maji. Ni mtoto wa Mwakaleli, yuko darasa la kumi na moja. Nikamwuliza kwa lugha yetu swali ambalo mtu wa kwetu humwuliza mtoto aliye mbali. Nani anakula na wewe?

Akaonyesha meza nzima kwa kijiko. Mhehe, Mbena, Mkinga, Msangu, Masikio Makubwa. "Hawa, tata. Hawa ndio rika langu."

Nikala.

Baadaye nilimwona Padre mkuu. Mrefu, ana matope kwenye viatu, alitoka kukagua nguruwe. Nilimwuliza wazi wazi, mtamgeuza mtoto wangu? Akaniambia wanao watoto wachache wa madhehebu mengine. Wanakaa kanisani na wenzao, wanasikiliza, hakuna anayembatiza mtoto bila baba yake. "Na kwenye mafungo atanyamaza?" nikauliza. "Siku tatu," akasema. "Wazazi wengi wangelipa zaidi kwa hizo siku tatu."

Mtoto wa Mwakaleli yupo pale mwaka wa tatu na bado anaimba nyimbo za kanisa letu. Nilimwomba aimbe. Aliimba.

Ni Lutengo. Sina shaka. Najua niliandika hivyo hivyo juu ya Kabulwe. Lakini safari hii nimekula.

Na neno langu liko njiani linasema Kabulwe.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Nimesimama barabarani asubuhi kutafuta lori la kwenda Mbeya, nitume neno la pili lilifukuze la kwanza. Hakuna lori. Mchana nimejua sababu. Bonde la Usangu limejaa maji, njia imekatika karibu na mahali pa kuingilia Rujewa, magari yamezama. Hakuna linalokwenda, hakuna linalorudi.

Hamisi labda amekwisha vuka. Labda yuko Mbeya anakunywa chai. Labda Asegelile sasa hivi anatembea kwenda kwa mwalimu. Asegelile hana uvivu. Leo natamani awe nao.

Nyapara amesema kesho genge lote tunateremka.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumeteremka na tipa mbili. Huku chini joto, mbu, udongo mweusi unaoshika mguu kama mdomo. Malori yamekaa kwenye tope kama ng'ombe waliolala. Tumekata magogo, tumebeba mawe, tumetandaza. Tope linameza. Tunatandaza tena. Nimetazama namba za malori yote upande huu. La Hamisi halipo.

Sijawahi kufanya kazi kwa nguvu hivi. Nyapara ameniuliza kama nimelogwa. Nikamwambia njia hii lazima ifunguke. Akasema, "Ndiyo, tunajua, ndiyo kazi." Hajui.

Jumamosi, 9 Novemba

Tulifika kwenye njia ya Rujewa saa za mchana. Malori matatu. La mwisho limezama mpaka kwenye mbao, limejaa magunia ya mchele. Juu ya magunia amekaa mtu, amefunika kichwa kwa turubai, anakula mchele mbichi kiganjani.

Hamisi.

Hakuvuka. Alipakia mchele, mvua ikamkuta anatoka Rujewa, amelala pale pale tangu Jumanne.

"Baba Ambakisye!" akapiga kelele kutoka juu. "Usiwe na wasiwasi! Neno lako ninalo! Halijaloa!"

Nilikuwa kwenye tope mpaka mapajani. Nilicheka mpaka nikashika gurudumu nisianguke.

"Litupe!" nikamwambia.

"Nini?"

"Litupe. Chukua jingine. Lutengo."

Akateremka mpaka kwenye ubao, akanitazama usoni aone kama nina homa. "Wewe! Nimelilinda neno lako siku zote hizi, nimelala nalo na vyura, sasa unasema nilitupe?"

Chavala, aliyekuwa anasukuma gogo, akakohoa. Akamweleza yote. Sasa na Hamisi anakohoa.

Tuliliondoa lori kabla ya jua kuzama. Mimi ndiye niliyelala chini kuweka mawe kwenye gurudumu la nyuma. Sikumwachia mtu mwingine. Lilipotoka lilinifunika tope kichwa kizima. Hamisi alitoa mkono dirishani akapiga kelele mara tatu. Lutengo, Lutengo, Lutengo. Nilimsikia mpaka mbali.

Jumanne, 12 Novemba

Tumerudi Nyololo. Nimelala kama gogo. Kucha mbili zimetoka.

Ijumaa, 15 Novemba

Leo ndiyo tarehe. Kama Hamisi hakufika, nafasi imekwenda kwa mwingine.

Nafikiri juu ya Gwakisa. Mimi nimeona meza ya Lutengo, Ambakisye hajaiona. Anachojua ni kwamba baba amemtoa kwenye kibanda cha wenzake akampeleka kwa Wahehe. Mimi nilipoitwa kuchunga sikuulizwa. Na yeye sikumwuliza. Baba hamwulizi mtoto, ndivyo ilivyo kwetu. Lakini nimefikiria hilo leo zaidi ya nilivyotaka.

Bado nasema Lutengo. Naogopa kidogo, lakini bado nasema Lutengo.

Jumatano, 20 Novemba

Hamisi amepita. Ameketi nasi muda mrefu, hakutaka kuharakisha habari. Alitaka kwanza chai. Halafu chai ya pili. Ningempiga.

Alifika kwa Asegelile Jumatano ya wiki iliyopita. Alhamisi asubuhi wakaenda pamoja kwa mwalimu. Nafasi ya Lutengo ni ya Ambakisye. Ya Kabulwe amepewa mtoto wa mjane wa jirani yetu, aliyekuwa amekosa. Hilo sikulijua. Nimefurahi.

Jioni Asegelile alimwita Ambakisye, akaja na Gwakisa. Wakaambiwa. Gwakisa aliinuka akatoka nje. Ambakisye alikuwa anachora chini kwa kidole. Mama yake alianza kulia kidogo, habari ya ubatizo. Hamisi akamwambia nilivyomwambia mimi kule kwenye tope, kwamba habatizwi mtoto bila baba yake, na kwamba kuna mtoto wa Mwakaleli anaimba nyimbo zetu. Mama akafuta machozi.

Ndipo Ambakisye akamwuliza Hamisi, "Baba ameiona mwenyewe?"

"Ameiona mara mbili."

"Wanakulaje kule?"

"Mezani. Baba yako alikaa nao benchi moja."

"Alikula nao?"

"Alikula nao. Na wanamwigiza anavyokohoa."

Hamisi anasema mtoto alicheka. Mwanangu huyu hacheki ovyo. Halafu akasema, "Basi. Nitakwenda."

Gwakisa alirudi baadaye. Alikuwa ametoka kuwaita wenzao wa kibandani. Akasema siku ya safari sanduku la Ambakisye watalibeba wao mpaka barabarani, wakipokezana, na mtu mwingine asiliguse.

Jumapili, 24 Novemba

Nimefua. Mvua asubuhi, jua mchana.

Kalvati imekwisha. Jana maji mengi yalishuka kutoka mlimani, yakapita chini, barabara imekaa kavu. Nilisimama juu yake peke yangu nikayasikia yakipita.

Chavala amenichongea kijiko cha mti. Anasema ni cha Ambakisye, kwa ajili ya ile meza. Anasema mwezi wa kwanza nitakapompitisha nyumbani kwake atamfundisha kusalimu Kihehe bila kukohoa.

Nyapara amesema kambi itafungwa kabla ya Krismasi. Hamisi amenipa nafasi juu ya mizigo. Nitalala Mbeya njiani. Jumamosi, tarehe ishirini na moja Desemba, nikijaliwa, nitakuwa mlangoni kwangu.